Kusomea Jiokemia ya Bahari Ukianzia Kigoma: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi wa Kigoma anayesema anataka kusomea kemia ya bahari huambiwa na karibu kila mtu: panda treni uende Dar, huku hakuna bahari. Ushauri huo una ukweli nusu. Bahari utaifuata, na mwongozo huu utafika huko, lakini kazi inayomfanya mwanajiokemia (mtaalamu wa kemia ya maji, miamba na mashapo) aaminiwe ndani ya meli ya utafiti (kuchota maji bila kuyachafua, kupima mara mbili ukapata jibu lilelile, kutetea namba yako mbele ya mtu mkali) unaweza kuianza Kibirizi, ufukwe wa boti na samaki wa Kigoma.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu kabisa, wastani wake ni kama mita 570. Tabaka la juu lina oksijeni, la chini halina kabisa na linanuka yai viza. Wataalamu wa bahari waliliona hilo zamani. Mwaka 1973 Harmon Craig wa Scripps, taasisi ya bahari ya California, aliongoza msafara wa kupima kemia ya ziwa hili. Mwaka 1993 John Edmond wa MIT na wenzake, Craig akiwemo, walichapisha utafiti wa virutubisho vyake. Edmond huyohuyo alikuwemo kwenye safari ya 1977 iliyogundua chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos. Kwa hiyo usione aibu kuandika kwenye barua ya maombi kwamba ulijifunzia ziwani.

Masomo: kidato cha tano hadi shahada ya kwanza

Tahasusi inayokuacha na milango mingi ni PCM (fizikia, kemia, hesabu). PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) zinafaa, ila hesabu utakayokuwa nayo ni ile ya somo dogo, BAM, na haitoshi. Kama uko CBG au PCB, jisomee mwenyewe kalkulasi, logariti na milinganyo ya mstari kabla hujaingia chuo, maana mwaka wa kwanza hausubiri mtu. PGM (fizikia, jiografia, hesabu) ni nzuri kwa anayekuja kupitia jiolojia, lakini haina kemia, na hilo ni pengo kubwa mno kuliziba ukubwani.

Kwenye shahada ya kwanza usihangaike kutafuta programu yenye neno "bahari" kwenye jina. Anayesoma kemia au jiolojia kwa uzito, kisha akahamia majini kwenye uzamili, mara nyingi anakuwa na msingi imara kuliko aliyegusa kila kitu kidogo kidogo. Sifa za kuingia kila programu zimo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka husika. Soma cha mwaka wako, usitegemee alichokuambia kaka aliyemaliza zamani. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye pointi 4, ila programu nyingi za sayansi zinataja masomo yenyewe, na kemia hutajwa mara nyingi.

Ukishaingia, hakikisha umepita kwenye haya hata kama ni ya hiari: kemia ya uchambuzi, themodinamiki, takwimu, na angalau somo moja la miamba na mashapo. Aliyetoka kemia achukue jiolojia. Aliyetoka jiolojia achukue kemia ya uchambuzi pamoja na maabara yake yote. Kisha jifunze Python au R. Hakuna anayechora grafu za tasnifu kwa mkono siku hizi, na programu muhimu za fani hii ni za bure: PHREEQC ya kukokotoa mlingano wa madini na maji, CO2SYS ya mfumo wa kaboni, na Ocean Data View ya kuchora wima wa maji (jinsi kipimo kinavyobadilika kadiri kina kinavyoongezeka). Zote zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, hata ya mtumba.

Hesabu tatu kabla ya kushika chupa

Ya kwanza ni muda wa kukaa. Gawanya kiasi kilichomo kwa kiasi kinachotoka kwa mwaka. Ziwa lina maji kama kilomita za ujazo 18,900. Ukijumlisha mvuke na mto Lukuga unaotoa maji kuelekea Kongo, maji yanakaa takribani miaka 440. Sasa jiulize kuhusu kloridi. Kloridi haipandi na mvuke. Inatoka kwa Lukuga peke yake, na Lukuga unatoa kiasi kidogo sana. Ukihesabu kwa mto huo tu unapata karibu miaka 7,000. Ziwa lilelile, majibu mawili, kwa sababu kila elementi ina mlango wake wa kutokea. Baharini ni vivyo hivyo: sodiamu inakaa mamilioni mengi ya miaka, wakati bahari nzima inajichanganya kwa muda wa takribani miaka 1,000. Ndiyo maana uwiano wa chumvi kuu unakaribia kuwa uleule Zanzibar na Atlantiki, jambo ambalo William Dittmar alilithibitisha mwaka 1884 kwa kupima sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger. Chuma hakikai hata muda wa kujichanganya, hivyo kiasi chake kinabadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Ukiielewa hesabu hii vizuri, nusu ya somo umeshaipata.

Ya pili ni mizania ya chaji. Maji hayana umeme wa jumla, kwa hiyo chaji chanya lazima zilingane na hasi. Chukua namba za mfano zilizo karibu na maji ya juu ya Tanganyika, kwa miligramu kwa lita: sodiamu 63, potasiamu 35, magnesiamu 43, kalsiamu 11. Gawanya kila moja kwa uzito wake wa atomiki, kisha zidisha kwa chaji: 2.74, 0.90, 3.54 na 0.55, jumla 7.73. Upande wa pili: alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi) milimoli 6.55, kloridi 27 inayotoa 0.76, salfeti 4.5 inayotoa 0.09, jumla 7.40. Tofauti ni 0.33, igawanye kwa jumla ya pande zote mbili, 15.13, unapata asilimia 2.2. Chini ya asilimia 5 inakubalika. Ikifika 10, usianze kuandika maelezo marefu ya kijiolojia. Kuna kipimo kimoja kimekosewa, na mara nyingi ni alkaliniti au kalsiamu.

Angalia pia kwamba magnesiamu inaishinda kalsiamu kwa mbali. Kalsiamu imeshanasa kwenye chokaa inayojijenga juu ya miamba ya ufukweni, kwa kuwa maji haya yana pH karibu na 9 na chokaa imezidi kiasi ambacho maji yanaweza kukishika. Ingiza namba hizo kwenye PHREEQC uione mwenyewe.

Ya tatu ni vizio, na hapa ndipo wengi wanaumia. Mikromoli 1 ya fosfeti ni mikrogramu 31 ukihesabu fosforasi peke yake, lakini ni mikrogramu 95 ukihesabu fosfeti nzima. Kwa naitreti, tofauti kati ya kuhesabu naitrojeni na kuhesabu naitreti nzima ni mara 4.43. Ripoti za maji za ofisi mbalimbali huandika hivi au vile, na nyingine haziandiki kabisa. Usichanganye data za watu wawili kwenye jedwali moja kabla hujajua kila mmoja alihesabu nini. Baharini kuna mtego mwingine: wataalamu wengi wanaandika kwa kilo ya maji, si kwa lita, na lita ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025.

Vyombo

Chupa za plastiki zinaloweshwa kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 kwa saa 24, kisha zinasuuzwa kwa maji safi mara tano au zaidi. Usitumie sabuni ya unga popote karibu na chupa za virutubisho. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, na zile mikromoli chache unazotafuta zitamezwa na uchafu wako mwenyewe. Maji ya betri yanayouzwa dukani (yale yaliyosafishwa, si asidi ya betri) yanafaa kwa suuzo la kwanza, si kwa kutengenezea viwango vya rejea. Yapime upitishaji umeme kabla ya kuyaamini, maana dumu moja na jingine hayafanani.

Kwa kila safari andaa chupa tatu za sampuli tupu: maji safi kutoka maabara yanayosafiri hadi ziwani, yanafunguliwa, yanachujwa kwa kichujio kilekile na kurudi na wenzake. Wanafunzi huziacha chupa hizi ili kuokoa gharama. Usiziache. Bila sampuli tupu huwezi kumwambia mtahini kama fosfeti uliyoipata imetoka ziwani au kwenye glavu.

Vichujio viwili vinatosha kuanzia: cha mikromita 0.45 kwa ioni na metali zilizoyeyuka, na cha nyuzi za kioo cha 0.7 kwa klorofili na chembe. Sampuli za metali zinatiwa asidi ya naitriki safi hadi pH ishuke chini ya 2, baada ya kuchuja. Ukitia asidi kabla ya kuchuja umeyeyusha udongo uliomo na kuupima kama metali ya maji. Sampuli za kloridi, salfeti na alkaliniti hazitiwi asidi kamwe.

Siku ya ziwani

Barua kwanza. Nenda ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, iko Kigoma, na kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapohapo mjini, ukiwa na barua ya chuo inayosema utachota nini na wapi. Watu wa TAFIRI wanalijua ziwa hili kwa miaka mingi. Ukiwauliza kwa heshima kabla ya kuchagua vituo, utaepuka kuchota mahali pasipo na maana. Kama mpango wako unakaribia Hifadhi ya Gombe, ruhusa ya hifadhi inaombwa mapema zaidi.

Kwa zoezi la kwanza chagua vituo viwili: kimoja mbele ya mdomo wa mto Luiche, kusini mwa Ujiji, na kingine nje ya ghuba ambako kina kinapita mita 250. Kwenye kituo cha kina, chota mita 0, 20, 40, 60, 80, 100, 150 na 200. Ondoka alfajiri. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unakaza, mawimbi yanakua na boti ndogo inakuwa mahali pabaya pa kushikia bureti na chupa za asidi. Jaketi la kuokolea ni la kila aliyemo, na neno la nahodha ndilo la mwisho hata kama bado hujachota mita 200.

Chupa ya kuchotea ya aina ya Niskin inashushwa wazi, inasubiri dakika mbili hivi kwenye kina, kisha uzito unaachiwa uteremke kwenye kamba uifunge. Kamba iwekewe alama kila mita 10 ikiwa imelowa. Kamba kavu ya nailoni hubadilika urefu ikilowa na kuvutwa. Boti ikisukumwa na upepo kamba inalala. Kina halisi ni urefu wa kamba ukizidisha kwa kosaini ya pembe: mita 100 za kamba kwa pembe ya nyuzi 30 ni mita 87 tu, kwa 45 ni 71. Pima pembe, iandike. Tabaka la mpito wa joto huweza kuwa jembamba, na mita 13 zinaweza kukutoa upande mmoja wa tabaka hadi upande wa pili.

Chupa ikipanda, mpangilio wa kutoa maji haubadiliki: oksijeni kwanza, halafu pH na kaboni, halafu virutubisho, halafu ioni na metali, mwisho klorofili na chembe. Gesi zinakimbia, chembe hazikimbii. Ila chembe zinatuama, kwa hiyo kabla ya kutoa maji ya mwisho geuza chupa taratibu. Maji ya mita 150 na 200 huenda yakanuka. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ni sumu, msiizungukie kwenye banda lililofungwa. Sampuli ya salfaidi inatiwa zinki asetati papo hapo, inaganda kuwa unga mweupe unaoweza kusubiri maabara.

Baada ya hapo ni barafu. Kibirizi kuna barafu ya wauza samaki. Weka chupa kwenye mifuko isiyopitisha maji ndani ya kasha, kwa kuwa barafu ya dagaa ikiyeyuka ndani ya sampuli ya amonia, kazi imekwisha.

Oksijeni kwa njia ya Winkler

Njia hii ni ya mwaka 1888 na mpaka leo meli za utafiti zinaitumia kusahihisha vihisi vya umeme. Ijue kwa mikono yako.

1. Tengeneza myeyusho wa kwanza: manganizi salfeti yenye molekuli moja ya maji, gramu 364 kwa lita. Wa pili: gramu 500 za sodiamu haidroksaidi na gramu 135 za sodiamu ayodaidi kwa lita. Haidroksaidi inatoa joto kali inapoyeyuka. Ongeza kidogo kidogo kwenye maji yaliyokaa ndani ya barafu, macho yakiwa na miwani.

2. Ingiza mrija wa Niskin hadi chini ya chupa ya kioo ya mililita 300, jaza taratibu na uache maji yafurike kiasi cha chupa mbili zaidi. Gonga chupa ili mapovu yapande. Povu moja lililonasa begani linaongeza oksijeni ya hewa na kuharibu kipimo cha maji ya chini.

3. Tia mililita 1 ya myeyusho wa kwanza na 1 ya wa pili, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji. Funga bila kubakiza hewa, pindua chupa mara kumi na tano. Rangi itakuambia mapema: unga wa kahawia una oksijeni, mweupe hauna. Kutoka mita 0 kwenda chini utaona kahawia inafifia chupa baada ya chupa.

4. Acha unga ushuke nusu ya chupa, pindua tena, acha ushuke tena. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa boti inapoyumba. Ukiiruka, majibu yanakuwa ya chini na yanapishana.

5. Rudi ufukweni, tia mililita 1 ya asidi ya salfuriki nzito, funga, pindua hadi unga wote uyeyuke na maji yawe ya njano au dhahabu. Ukibaki hata kipande kimoja cha kahawia, subiri.

6. Pima mililita 201 kwenye chupa pana, titresha (tia tone kwa tone ukipima ujazo) kwa thaiosalfeti ya 0.025 M (gramu 6.205 za fuwele kwa lita). Ikifika njano ya majani makavu tia wanga, endelea hadi buluu ipotee. Buluu ikirudi baada ya dakika moja usiongeze tone, ni hewa.

Kwa vipimo hivi, mililita 1 ya thaiosalfeti ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Mililita 201 badala ya 200 zinafidia mililita 2 za miyeyusho zilizosukuma maji nje.

Thaiosalfeti inadhoofika, kwa hiyo kila siku ya kazi ipime. Kausha potasiamu ayodeti, yeyusha gramu 0.8917 kwa lita, chukua mililita 20.00, ongeza gramu 2 za potasiamu ayodaidi na asidi kidogo, titresha. Thaiosalfeti kamili itatumia mililita 20.00. Ikitumia 20.24, nguvu yake ni 0.0247. Sasa mfano wa mita 60: umetumia 4.35, sampuli tupu ni 0.02, 4.33 mara 0.0247 gawa kwa 0.025 ni miligramu 4.28, ukigawa kwa 32 ni mikromoli 134 kwa lita.

Kosa moja linajirudia kwenye tasnifu za wanafunzi. Jedwali la vitabuni linasema maji ya nyuzi 26 yanashika miligramu 8.11. Hiyo ni usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu, hewa ni nyepesi zaidi, na kiwango cha kujaa ni karibu 7.4. Anayetumia 8.11 ataandika kwamba uso wa ziwa umepungukiwa oksijeni, kisha aanze kutafuta uchafuzi usiokuwepo.

Na maji yanayonuka usiyapime kwa Winkler. Salfaidi inakula ayodini, unapata sifuri ya uongo au namba isiyo na maana. Kaskazini mwa ziwa oksijeni huisha karibu na mita 100, kusini inafika 200 na kuzidi; ukiona mililita 3 kwenye sampuli inayonuka, tafuta povu.

Alkaliniti

Hapa ziwa linaizidi bahari: alkaliniti yake ni karibu milimoli 6.5 kwa lita, ya bahari ni kama 2.3. Ukichukua mililita 50 za maji ya ziwa na asidi ya 0.1 M, utatumia mililita 3.25 tu. Bureti ya kawaida inasomeka kwa uhakika wa mililita 0.05, hivyo umeshajipa makosa ya asilimia 1.5 kabla ya kuanza. Tumia asidi ya 0.02 M: utatumia mililita 16 na ushei, makosa yanashuka hadi 0.3.

Asidi ipimwe kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa kwa nyuzi 250 saa nne: gramu 1.060 kwa lita, mililita 20.00 zitumie 20.00 za asidi ya 0.0200 M. Titresha sampuli ukiandika pH na ujazo, usiishie kwenye rangi. Kati ya pH 3.5 na 3.0 kokotoa jumla ya ujazo mara 10 kwa kipeo cha hasi pH, chora dhidi ya asidi uliyotia. Mstari utanyooka, na unapokata sifuri ndipo kiwango halisi. Ukikata 16.55 na asidi ni 0.0198, jibu ni milimoli 6.55. Mstari ukipinda, elektrodi yako imechoka au umekimbia bila kuisubiri itulie.

Fosfeti, kwa kifupi

Njia ya buluu ya molibdenamu, ile ya Murphy na Riley ya 1962, inasomwa kwenye nanomita 880. Mikromoli 1 kwenye kisanduku cha sentimita 1 inatoa ufyonzaji wa takribani 0.022. Maji ya juu ya ziwa mara nyingi yana sehemu ndogo tu ya mikromoli, kwa 0.2 utasoma 0.004, na hiyo ni kelele ya mashine. Tumia kisanduku cha sentimita 5 au 10 au usipime kabisa. Soma sampuli tupu kumi, zidisha mkengeuko wao kwa 3: hicho ndicho kikomo chako, na chini yake unaandika "chini ya kikomo", si sifuri. Maji ya chini yenye salfaidi yatiwe asidi kwanza na kupulizwa naitrojeni mahali penye hewa, vinginevyo rangi inaharibika.

Uvinza: bahari ya karibu

Chemchemi za chumvi za Uvinza, kituo cha reli kabla ya kufika Kigoma ukitokea Tabora, ni zoezi bora kwa anayejiandaa kwa maji yenye chumvi nyingi. Maji hayo huwezi kuyaingiza kwenye mashine yalivyo. Pima uzito wa maji, si ujazo, kwa kuwa pipeti imetengenezwa kwa maji mepesi. Punguza kwa hatua mbili: gramu 1 hadi 100, kisha gramu 1 ya hayo hadi 10 au 100 kadiri kipimo cha upitishaji umeme kinavyoruhusu. Hatua moja ya mara 1,000 kwa pipeti ndogo ni kubahatisha. Mizania ya chaji hapa ni kali: kosa la asilimia 1 kwenye kloridi linafunika elementi zote ndogo. Omba ruhusa kwenye kiwanda cha chumvi cha hapo.

Kinachobadilika ukifika baharini

Elektrodi iliyosahihishwa kwa bafa za kawaida inasoma pH ya bahari kimakosa, kwa sababu chumvi ya bahari ni nzito kuliko ya bafa. Ndiyo maana wataalamu wanatumia bafa ya Tris ya maji ya bahari au rangi ya zambarau ya m-kresoli na kuandika kwenye skeli ya pH ya maji ya bahari iitwayo skeli ya jumla. Andika skeli kila mara. Alkaliniti na kaboni zinapimwa pamoja na maji ya rejea, ambayo kwa miaka mingi yametoka maabara ya Scripps, na sampuli za kaboni zinahifadhiwa kwa zebaki kloridi kidogo sana, taka yake haimwagwi. Kwenye mashine ya ICP-MS, inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake, kloridi inaungana na gesi ya agoni na kujifanya aseniki, uzito wa 75. Anayepima aseniki ya bahari bila kulijua hilo anapima chumvi.

Metali za chini ya nanomoli ni dunia nyingine. Clair Patterson alionesha kwamba vipimo vingi vya risasi vya zamani vilikuwa vinapima uchafu wa maabara. Mwongozo wa uchotaji wa mpango wa kimataifa wa GEOTRACES na ule wa GO-SHIP ni bure. Pakua, soma sura ya chupa kabla ya sura nyingine yoyote.

Fildi, tasnifu na uzamili

Fildi iombe mapema na uombe kazi ya maabara, si ya kupanga mafaili. Tasnifu ya shahada ya kwanza iwe na swali dogo linalojibika kwa sampuli thelathini: je, silika ya Luiche inafika umbali gani ndani ya ziwa baada ya mvua? Naitreti inatoweka kwenye kina gani, na amonia inaanza wapi? Swali la "ubora wa maji ya Ziwa Tanganyika" halijibiki na mtu mmoja. Linganisha naitrojeni na fosforasi zako na uwiano wa Redfield (ule wa viumbe vidogo vya baharini), 16 kwa 1, ila usiutumie kama sheria. Maji yasiyo na oksijeni yanapoteza naitreti, na uwiano unaanguka kwa sababu hiyo.

Kwa uzamili, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, kampasi ya Buyu, na ndiko utakakoshika maji ya chumvi kila wiki. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake Zanzibar, ina ruzuku za MARG kwa watafiti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, zikiwemo za wanafunzi. Ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) na Jumuiya ya Madola unahitaji barua za waalimu wanaokujua kwa kazi, kwa hiyo kaa na mwalimu wa maabara tangu mwaka wa pili.

Ukimwandikia msimamizi wa nje, barua iwe na aya tatu. Taja karatasi yake moja uliyoisoma na swali lililobaki kichwani. Sema unajua kupima nini, kwa uhakika wa kiasi gani: "oksijeni kwa Winkler, marudio matatu ndani ya asilimia 1" ina uzito kuliko orodha ya semina. Ambatisha grafu moja ya wima wa maji, kina kikishuka kwenda chini, vizio vimeandikwa, marudio yakionekana kama nukta tofauti, na thamani ya sampuli tupu chini ya picha. Waweke kwenye nakala waalimu walioisimamia data hiyo, na omba ruhusa yao kabla ya kuituma.